Mpangaji akiniomba kitambulisho hajanitukana

Masika ya mwaka juzi, jioni ileile niliyorudi kutoka msibani Muheza, kirikuu ilisimama mbele ya geti langu Kimara Temboni. Ilibeba godoro lililofunikwa turubai, jiko la gesi, ndoo mbili na kabati la nguo la kitambaa. Wakashuka kijana na mkewe, na mke tumbo limeshaonekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnamtafuta nani?"

"Sisi ndio wapangaji wapya wa kile chumba cha uani. Kaka, mwanao, alituambia huenda tusikukute, lakini ufunguo tunao."

Sina mtoto wa kiume.

Nilikuwa nimeondoka siku nne, ufunguo wa chumba nikamwachia fundi rangi. Kumbe akapita dalali mmoja, akamwambia fundi kwamba nimemtuma alete watu wakione. Fundi akafungua. Kesho yake dalali akaazima ufunguo, akaenda kuchongesha mwingine. Wale vijana walikiona chumba kwa macho yao, wakanusa rangi mbichi, wakafungua bomba, wakawasha taa. Hakuna walichodanganywa kuhusu chumba. Walidanganywa kuhusu mtu, na mtu ndiye ambaye hawakumkagua.

Kodi yangu ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Wao waliambiwa 100,000, kwa kuwa "mama anataka mtu wa haraka". Wakatoa ya miezi sita, wakaongeza ya mwezi mmoja ya dalali, jumla 700,000. Risiti yao nilishika mkononi: kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, maneno "nimepokea laki saba kodi ya chumba", na sahihi. Jina hakuna, tarehe hakuna, hata mtaa haukutajwa. Sehemu kubwa ya hela waliituma kwa simu, na jina lililotokea kabla hawajaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Yule bwana akawaambia ni la dada yake.

Nilimuuliza yule binti kwa nini jina lile halikuwashtua. Akanijibu taratibu, "Lilitushtua, mama. Mume wangu aliuliza, kaka akanuna. Akasema kama hatumwamini basi, kuna watu wawili wanakuja saa kumi."

Jibu hilo sijalisahau. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 34, na najua tunavyowalea watoto wetu: kumdai mtu mzima karatasi ni kama kumwita mwizi. Adabu hiyo ni nzuri mezani na njiani. Kwenye hela ya kupanga, matapeli wanaijua na wanaitumia. Ndiyo maana nasema kwamba mzigo wa kukagua si wa mpangaji peke yake. Sisi wenye nyumba tunaonuna tukiulizwa ndio tuliomfundisha mpangaji kunyamaza, na kimya hicho ndicho anachokula tapeli.

Tangu siku ile, kwangu mtu hatoi hata shilingi siku ya kuja kuona chumba. Akikipenda, namwonyesha kitambulisho changu cha NIDA na leseni ya makazi ya nyumba hii, asome mwenyewe kama majina yanafanana. Najua majirani zangu wengi hawana hati wala leseni, wana karatasi ya mauziano tu iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa. Hiyo nayo itolewe ionekane. Na kama nyumba ni ya urithi, usiridhike na kuambiwa "sisi ndio watoto wa marehemu". Omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, maana nyumba ya ndugu watano inaweza kupangishwa na watano, kila mmoja kwa mpangaji wake.

Halafu tunakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo karatasi bandia hukwama, kwa sababu mwenyekiti na mjumbe wanaijua sura ya mwenye nyumba. Ikiwa huyo anayetaka hela yako ana kila sababu ya kutofika pale, leo ana haraka, kesho mwenyekiti ni adui yake, ondoka. Mkataba tunausaini mbele ya shahidi, hela inaingia kwenye namba ya simu yenye jina langu, na risiti naandika papo hapo. Ukiletewa ujumbe wa "ile kodi tuma kwenye namba hii", nipigie kwa namba unayoijua kabla ya kugusa chochote, na namba hiyo ya kitapeli iripoti 15040, ni bure.

Ipo pia amana, hela ya mwezi mmoja ambayo siku hizi wengi tunaidai pembeni ya kodi, ya kufidia uharibifu. Kwa hela hiyo nakuwa mkali zaidi, kwa sababu si mali yangu. Kabla mpangaji hajaingiza godoro tunazunguka chumba pamoja tukiandika: vioo sita vizima, kitasa kipya, soketi moja imelegea. Soketi ile isipoandikwa, siku ya kuhama nitamdai yeye. Na mkataba useme itarudishwa ndani ya siku ngapi.

Nasema tuandike wenyewe kwa sababu ulinzi mwingine ni mdogo. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na amana ya mpangaji wa kawaida imebaki mfukoni mwa mwenye nyumba. Mpwa wangu anasoma Uingereza. Huko mwenye nyumba anatakiwa kuisajili amana ya mpangaji kwenye mpango unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Wabunge wetu wengi wamewahi kupanga, na hili wanaliweza.

Wale vijana walilala sebuleni kwangu usiku ule. Asubuhi walikwenda polisi wakapewa RB, lakini hela haikurudi na simu ya yule bwana haikupatikana tena. Chumba niliwapa, wakalipa mwezi kwa mwezi, na mtoto wao alijifunza kutembea uani kwangu.

Mwenye nyumba mwenzangu, mpangaji akikuomba kitambulisho, mpe kiti akae, kisha ingia ndani ukakilete.