MAONI YETU: FYUZI SI ADUI



Hapa Rubwera nyumba nyingi sasa zina umeme, wa nguzo au wa jua. Ni jambo la kushukuru. Lakini umeme ulipoingia, tabia mbaya imeingia nyuma yake. Redio ikizimika, mtu anafungua plagi, anatoa fyuzi iliyoungua, anaizungushia karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, anairudisha. Redio inaimba. Naye anajiita fundi!

Ndugu, huo si ufundi. Ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Mwandishi wa maoni haya hana haki ya kumcheka mtu, maana naye alifanya hivyo hivyo. Redio iliimba siku mbili. Siku ya tatu usiku tukasikia harufu ya plastiki. Waya umelainika kama ugali, na pazia liko karibu. Watoto walikuwa wamelala chumba hicho hicho.

Fyuzi ni uzi mwembamba uliowekwa makusudi ukatike. Umeme ukizidi, uzi huyeyuka kabla waya haujashika moto. Fyuzi inakufa ili nyumba ipone. Basi tufanye hivi:

1. Chomoa plagi kabisa. Kuzima swichi tu hakutoshi. Tivii na amplifaya usizifungue mwenyewe. Ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomoa.

2. Fyuzi ya kioo, ile ya nyuma ya redio kubwa, itazame kwenye mwanga. Uzi umekatika na kioo ni safi? Mara nyingi mzigo ulizidi kidogo. Kioo kimekuwa cheusi? Kuna nyaya zimegusana. Muone fundi kwanza.

3. Fyuzi ya plagi ya miguu mitatu haionyeshi kitu kwa macho. Chukua tochi ya chuma, fungua kifuniko cha nyuma, washa swichi. Gusisha ncha moja ya fyuzi kwenye kitako cha betri, na ncha ya pili kwenye ukingo wa chuma usio na rangi. Tochi ikiwaka, fyuzi ni nzima, tatizo liko kwingine.

4. Soma namba, weka namba ile ile. Kama namba imefutika, piga hesabu: gawanya wati za kifaa kwa volti 230. Pasi ya wati 1000 inavuta ampea 4 na ushei, weka fyuzi ya 5. Birika la wati 2000 linavuta karibu 9, weka 13. Redio na tivii ndogo, 3 inatosha. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na 13 ndani. Ukiifunga hiyo kwenye redio ya waya mwembamba, waya utaungua huku fyuzi inatazama tu.

5. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usiweke ya tatu. Ita fundi.

Na ninyi wenye sola msijidanganye kwamba volti 12 ni mchezo. Mzigo wa wati 60 kwa volti 12 unavuta ampea 5, na betri kubwa nyaya zake zikigusana inaweza kuwasha moto. Fyuzi ya sola ikae karibu na betri.

Wengine watasema fyuzi hazipatikani hapa, ndiyo maana tunatumia karatasi. Hilo ni kweli, na ndilo tunaloliomba Kamati ya Ushirika: duka letu liweke fyuzi za 3, 5 na 13 pamoja na zile za kioo, kabla ya msimu wa kahawa, wakati watu wananunua vyombo vipya. Fyuzi moja haifiki bei ya kilo ya sukari. Kuezeka nyumba upya ni kahawa ya msimu mzima.

Tulijiunga katika ushirika ili tulinde mali yetu. Tuanze na plagi ya ukutani. Leo usiku kila mmoja achomoe moja, aifungue, atazame kilichomo ndani. Ukikuta karatasi ya sigara, itoe.

Mhariri