Gari Lililolala

Wengi wametuuliza habari za ile Land Rover ya mizigo, iliyolala miaka 13 chini ya mwembe, kuku wakitaga ndani yake. Basi na tuwaeleze, wala kosa letu tusilifiche.

Bodi yake tuliikuta nzima, tukafurahi upesi mno. Land Rover zilipoanza kuundwa Uingereza, mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita, nazo zikavikwa bati la alumini, lisiloliwa na kutu. Lakini chasisi, ibebayo gari zima, ni chuma. Tuliigonga upande wa nyuma, nyundo ikapenya kama katika muhogo uliooza.

Injini tuliitendea kwa subira. Tulitoa plagi, tukatia mafuta kidogo katika kila silinda, tukaiacha siku mbili, ndipo tukaizungusha polepole kwa hendeli. Petroli ya zamani tuliimwaga yote. Tulipotia betri mpya ikanguruma, na kina mama wakapiga vigelegele.

Hapo ndipo tulipokosa. Kwa furaha tuliliondoa gari kabla ya kutazama breki. Penye mteremko pedali ikazama hata chini, maana mipira ya breki ilikuwa imekwisha kuharibika; na mbele yetu mama mmoja alikuwa akipanda na mtungi kichwani. Tuliligeuza gari likaingia migombani. Mama hakuumia. Migomba minne tumeilipa.

Sasa gari limesimama juu ya magogo, na fundi anaunga chasisi. Wanaouliza kama litachukua mahindi mwezi huu, jibu letu ni hapana.