Hofu ya Mgonjwa Si Deko

Mwenzangu aliyeandika gazetini wiki jana anadai kumtuliza mgonjwa kwa dawa kabla ya upasuaji wa macho ni kumdekeza; ganzi yatosha. Ganzi huua maumivu, haiui hofu. Aende wilayani Kongwa, ambako ugonjwa wa trakoma umepinda kope za akina bibi hadi zikakwangua jicho. Upasuaji wake ni mfupi, wa ganzi tu, lakini wapo wanaoona heri wang'oe kope kwa kibano kuliko kukikabili kisu. Nao wanadeka? Na kwenye upasuaji wa macho kwa leza, mgonjwa hutakiwa kukazia macho taa; anayetetemeka ataweza? Kidonge cha kutuliza cha diazepamu si nusukaputi: mtu yu macho, anasikia maagizo. Kikizidi atasinzia, jicho liiache taa. Kupanga kipimo chake ni kazi ya daktari, si ya gazeti.