SHAMBA LA JAMAA: Mali ya Msitu I Wapi?

Mtu akiitazama miti mirefu ya Yangambi, karibu na Kisangani, hudhani kwamba udongo ulioizaa ni tajiri sana. Sivyo. Chimbeni kidogo: juu mtaona tabaka nyembamba nyeusi, chini yake udongo wa manjano au mwekundu, mchachu, wenye chakula kidogo. Mali yenyewe imo katika miti. Jani huanguka, huoza upesi kwa joto na unyevu, na mizizi ya juu hukinyonya chakula chake kabla mvua haijakipeleka chini.

Basi, tukikata na kuchoma twafanya nini? Moshi huchukua nitrojeni nyingi. Majivu hubaki na potasi, chokaa na fosfori, hupunguza uchachu, na kwa hiyo mpunga wa kwanza hustawi ajabu. Lakini sasa jua lapiga udongo mtupu. Ule weusi hupungua pasipo majani ya kuurudisha, na mvua, ambayo Yangambi hufika karibu milimita 1,800 kwa mwaka, huiosha ile chokaa na potasi. Baada ya miaka miwili au mitatu uchachu umerudi, na mihogo ndiyo inayokubali bado. Mama zetu walijua hayo kwa kutazama vikapu vyao.

Wazee waliliacha shamba lipumzike, wakahamia jingine. Wageni wengi waliita desturi hiyo uvivu! Shirika la utafiti wa kilimo la INEAC, lililoundwa mwaka 1933, likachunguza huko Yangambi na kuona kwamba pumziko lile lina maana. Likapanga mashamba kwa kanda za upana wa mita 100 hivi, msitu ukiachwa katikati ili mbegu za miti zirudi upesi. Elimu ilikuwa ya wazee. Mistari ilichorwa na serikali, ambayo haikuwa na desturi ya kuwauliza. Baada ya 1960 mpango huo ulivunjika.

Siku hizi, kandokando ya barabara na karibu na miji, wengi hurudia shamba baada ya miaka mitatu au minne. Pori changa halijakusanya kitu cha kutosha. Kila likichomwa, majivu ni machache kuliko mara iliyotangulia. Lakini baba mwenye wana watano na kipande kimoja cha ardhi hawezi kungoja miaka kumi na mitano, wala sisi hatumhubirii angoje. Asing’oe visiki, maana humo miti huchipuka tena. Magugu asiyachome, ayatandaze juu ya udongo. Apande karanga, ambazo mizizi yake huleta nitrojeni, na maganda na majivu ya jikoni yapelekwe migombani. Hayo hupunguza hasara, hayachukui nafasi ya pumziko.

Na akiwagawia wanawe shamba, awaambie pia ni mwaka gani lilikatwa mara ya mwisho. Kwa kawaida watu hutaja mipaka tu.