Jakarta Yazama: Maji ya Chini ni Mali ya Nani?

Jina la Indonesia si geni kwa watu wa Afrika. Ni katika nchi hiyo, mjini Bandung, mwaka 1955, ambako wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana na kuulaani ukoloni mbele ya dunia nzima. Kwa hiyo msiba unaoupata mji wa Jakarta ni msiba wa ndugu zetu, na yatupasa tuutazame vema.

Jakarta yazama. Sehemu nyingine za kaskazini, karibu na bahari, zimeshuka kiasi cha mita 4 tangu miaka ya 1970. Yapata asilimia 40 ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Huko Muara Baru msikiti wa Waladuna umebaki gofu lililosimama majini, nje ya ukuta wa bahari.

Wako wasemao kwamba bahari ndiyo inayopanda. Ni kweli inapanda, lakini kwa milimeta chache tu kila mwaka. Ardhi ya Jakarta, mahali pengine, imepata kushuka sentimeta 10 na zaidi kwa mwaka mmoja. Sababu iliyo kubwa imo chini ya miguu ya watu. Mji huo umejengwa juu ya udongo ulioletwa na mito. Chini mna tabaka za mchanga na mfinyanzi zilizojaa maji, na maji hayo husaidia kubeba uzito wa juu. Yakivutwa kwa pampu kuliko mvua iwezavyo kuyarudisha, mfinyanzi hujikaza, na ardhi hushuka pamoja na nyumba zake. Ukisha kujikaza, haurudi tena ulivyokuwa.

Je, ni nani avutaye maji hayo? Ni mwananchi asiye na bomba, mwenye kisima uani. Lakini ni pia hoteli, viwanda na majumba ya ghorofa, ambayo pampu zao zafika chini sana. Sisi hatukubali watu hawa wawekwe katika mizani moja. Wa kwanza avuta maji kwa sababu hana njia nyingine. Wa pili avuta kwa kuwa ni rahisi kwa mfuko wake.

Chanzo cha mambo haya ni cha zamani. Waholanzi, walioutwaa mji huo mwaka 1619 na kuuita Batavia, waliyaelekeza mabomba zaidi kwenye nyumba za Wazungu. Uhuru ulipopatikana, kazi ya kuwafikishia wote maji haikukamilika. Kisha, mwaka 1997, chini ya utawala wa Suharto, maji ya bomba yaligawiwa makampuni mawili yenye wabia wa Uingereza na Ufaransa, kwa miaka 25. Mikataba hiyo ilipokwisha mwanzoni mwa 2023, nyumba nyingi mno zilikuwa bado hazina bomba. Mito 13 yapita katika mji huo, lakini maji yake yamechafuliwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jakarta wamejenga ukuta, na ufa ungali wazi! Ukuta huzuia mawimbi, hauzuii ardhi kushuka. Nao wenyewe hushuka pamoja nayo. Tena mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba makao makuu yatahamia Kalimantan, na sheria ya mji mpya wa Nusantara ikapitishwa 2022. Serikali yaweza kuhama. Watu zaidi ya milioni 10 watahamia wapi?

Dawa yajulikana. Mji wa Tokyo nao ulizama. Sehemu za mashariki yake zilishuka zaidi ya mita 4. Wajapani walitunga sheria mwaka 1956 kwa ajili ya visima vya viwanda, na nyingine mwaka 1962 kwa ajili ya majengo, huku viwanda vikipelekewa maji mengine. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kuzama kulikuwa karibu kumekoma. Lakini ardhi iliyokwisha kushuka haikuinuka, na hadi leo wakazi wa huko waishi nyuma ya kuta.

Jakarta nao wameanza: kanuni ya mwaka 2021 iliwakataza wenye majengo makubwa, katika maeneo yaliyotajwa, kutumia maji ya chini kuanzia Agosti 2023. Hiyo ndiyo njia, mradi isimamiwe bila kumwogopa tajiri. Twasema wazi: maji ya chini ni mali ya umma, hata yakiwa chini ya kiwanja cha mtu mmoja. Pampu kubwa zifungwe kwanza. Mwananchi mnyonge apelekewe bomba kwanza, kwa bei aiwezayo, ndipo aambiwe afukie kisima chake. Atakayeanza kwa kumkataza mnyonge atakuwa amemnyima maji, na mji utaendelea kuzama.