DESEMBA, UFUKWE NA MTOTO WA KIISLAMU ASIYEJUA KUOGELEA



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu katika imani, kila mwaka shule zikikaribia kufungwa maswali huwa ni yale yale. "Sheikh, inafaa kuwapeleka watoto bichi?" "Sheikh, kazini wameandaa safari ya Zanzibar, niende au nibaki?" "Sheikh, binti yangu anataka kujifunza kuogelea, je, si aibu?" Leo nimeona niyajibu kwa pamoja. Somo ni refu kidogo, basi msomeni mpaka mwisho kabla ya kuanza kubishana.

Nianze na jibu lenyewe. Ufukwe si haramu. Maji ni neema ya Allah, mchanga ni ardhi Yake, na upepo wa ziwa haukuumbwa kwa ajili ya walevi peke yao. Hukumu iko kwenye kile tunachokwenda kukifanya pale. Na ninaongeza jambo ambalo najua litawashtua baadhi yenu: mzazi anayeishi Mwanza, amezungukwa na maji, halafu mtoto wake anafika miaka kumi na tano hajui kuogelea, ameacha jambo zito katika malezi.

Sasa tuingie kwenye maelezo.

KWANZA: SAFARI YA MSIMU WA BARIDI SI JAMBO GENI

Watu wanaona wazungu wanamiminika Unguja mwezi wa Desemba wanadhani ni mambo ya juzi. Fungua Surat Quraysh. Allah anawakumbusha Makureshi neema ya kuzoeshwa safari zao mbili, ya msimu wa baridi na ya msimu wa joto. Wafasiri wanaeleza kuwa wakati wa baridi walikwenda Yemen kwa sababu kuna joto, na wakati wa joto walikwenda Sham kwa sababu kuna ubaridi. Kwa hiyo mwanadamu kuikimbia baridi na kufuata jua ni jambo lililotajwa ndani ya Kitabu, na limetajwa kama neema. Kisha baada ya neema ikaja amri: basi wamuabudu Mola wa Nyumba ile. Hapo ndipo penye somo. Safari imeruhusiwa, ila isikusahaulishe aliyekupa uwezo wa kusafiri.

Na pwani yetu hii imepokea wageni wa Desemba kwa karne nyingi. Upepo wa kaskazi unaanza kuvuma mwishoni mwa mwaka mpaka kwenye mwezi wa tatu. Majahazi ya Oman, Yemen na Ghuba yalikuja nao, yakangoja, kisha yakarudi na kusi. Katika safari kama hizo ndimo zilimopita tende, nguo, elimu na dini. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani mwaka 1107. Leo watu wanakwenda Kizimkazi kuwatazama pomboo, wanapiga picha, wanaondoka, na wengine ni Waislamu kabisa, hawajui kuwa hatua chache tu pana nyumba ya Allah yenye zaidi ya miaka 900. Ukienda Kizimkazi, tazama pomboo, hakuna ubaya. Kisha ingia msikitini uswali rakaa mbili, na mwambie mtoto wako kuwa dini hii ilifika hapa kwa jahazi.

Mgeni anayetoka Ulaya naye ana udhuru wake. Pale Stockholm mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mtu kama huyo akifika Nungwi au Paje akakuta jua saa kumi na mbili kamili za mchana, anaona ni pepo. Sisi tunaoamka nalo kila siku hatusemi hata alhamdulillah. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Katika hao wapo waliolipia fedha nyingi ili waipate wiki moja tu ya hiki ambacho sisi tunapewa bure mwaka mzima. Tujiulize nani kati yetu anaijua thamani ya neema.

PILI: MAPUMZIKO YANA NAFASI KATIKA DINI

Wapo ndugu wanaodhani uchamungu ni kukunja uso. Hanzala, radhi za Allah ziwe juu yake, alijiogopea unafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume imani yake ilipanda, na akirudi kwa mkewe na watoto akacheza nao. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimfundisha kuwa kuna saa ya hiki na saa ya kile. Imo katika Sahih Muslim. Mtume mwenyewe alishindana mbio na mama yetu Aisha, kama alivyopokea Abu Daud. Na katika riwaya ya an-Nasai, kujifunza kuogelea kumehesabiwa pamoja na mambo machache ambayo si mchezo wa kupoteza wakati. Kucheza na watu wa nyumbani kwako kumo humo humo.

Baba unayekaa baraza la kahawa mpaka saa nne usiku, mkeo na watoto hawajawahi kuiona Saanane wala hawajakaa na wewe mahali tulivu kwa nusu siku, usijitetee kwa dini. Dini haijakuagiza hivyo.

Kuna swali la tarehe 25 na 26 Desemba. Msimamo wangu ni huu, na najua wapo masheikh wenzangu wasiokubaliana nami, Allah atukusanye katika kheri. Sikukuu ya imani ya wenzetu hatuiadhimishi. Lakini siku ya mapumziko imetangazwa na serikali, ofisi zimefungwa, na mtu kuitumia kukaa na familia yake hakumgeuzi kuwa muumini wa jambo lingine. Hata hivyo ninashauri mchague siku nyingine ndani ya likizo, kwa sababu siku hizo fukwe zinajaa kupita kiasi, pombe ni nyingi, na mtoto akipotea kwenye umati kumuona ni kazi. Na majirani zetu Wakristo tuwaheshimu. Hapa Mwanza tumechanganyika hadi ndani ya ukoo mmoja.

TATU: ZIWA LINAUA

Hapa ndipo nilipopakusudia. Ziwa letu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Hakuna ziwa kubwa kuliko hili Afrika nzima. Tumezaliwa kando yake, tunakula sato na dagaa wake, tunatawadha kwa maji yake, na bado wengi wetu likitufika kiunoni tunaanza kupiga kelele.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilipaswa kubeba watu 430. Waliokufa peke yao walizidi 800, na baadhi yao wamelala makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Sisemi kuwa kila aliyejua kuogelea angepona, kwa sababu aliyenaswa chini ya chombo ana hali yake. Tunawaombea wote daraja ya mashahidi, kwani Mtume ametuarifu kuwa mwenye kufa maji ni shahidi. Ila tusiifanye bishara hiyo kuwa sababu ya uzembe. Allah katika Suratul Baqara aya ya 195 ametukataza kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na ipo hadithi aliyoipokea Imam Ahmad inayoonya vikali juu ya mtu anayepanda chombo wakati bahari imechafuka, kwamba dhima imeondoka kwake.

Sasa angalia Desemba kwetu. Ni msimu wa vuli. Asubuhi ziwa limetulia kama kioo, mara wingu linakaa upande wa visiwani, upepo unageuka, na mtumbwi uliobeba vijana kumi na tano wa kupiga picha hauna hata jaketi moja la kuokolea maisha. Wanamlipa mwenye mtumbwi, wanaimba, wanasimama wote upande mmoja. Hiyo ndiyo kujitupa kwa mikono yako.

Na jambo moja zaidi: maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo hayaubebi mwili kama maji ya bahari. Kijana aliyeelea vizuri kule Jambiani asidhani ataelea vile vile Kayenze.

NNE: "SHEIKH, UNAFUNGUA MLANGO WA FITNA"

Najua hoja hii inakuja. Wanasema ufukweni kuna uchi, pombe, muziki na vijana waliochanganyika, basi salama ni kuwafungia watoto nyumbani. Hoja ina uzito, na kuziba njia za maovu ni kanuni inayojulikana kwa wanavyuoni. Lakini niambieni, je, mlango huo umeufunga kweli? Mtoto anaaga anakwenda tuisheni, anavua shati nyuma ya mawe, anajitosa. Anajifunzia pale penye kina, bila mtu mzima, bila kamba, na anaogopa hata kupiga ukelele kwa kuwa akisikika atachapwa. Marufuku ya namna hiyo haimzuii mtoto kwenda ziwani. Inamwondolea tu mtu wa kumwokoa.

Mtume ametufundisha kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga haweki ng'ombe zizini mwaka mzima kwa kuogopa mto. Anawapeleka majini yeye mwenyewe, anajua pa kuwanyweshea.

Na mabinti vile vile. Maji hayabagui. Ummu Haram, sahaba mwanamke, alisafiri baharini pamoja na msafara wa Waislamu kwenda Cyprus. Binti afundishwe na mwanamke, mahali pasipo na wanaume, akiwa na vazi la kumsitiri. Akina mama kumi wakichanga, wanaweza kukodi bwawa la hoteli kwa saa mbili za asubuhi, wakaweka mtu wao mlangoni. Ni gharama ndogo kuliko ya keki moja ya sherehe.

TANO: ADABU ZA KUFUATA

1. Sitara. Mwanamume, kati ya kitovu na goti ni uchi hata ukiwa majini. Kaptula fupi inayobana haikuwa halali kwa sababu umelowa.

2. Swala. Ukitoka Nyakato kwenda ufukweni Ilemela wewe si msafiri, usipunguze swala. Ukienda Unguja, umepita kilomita 80 na ushei wanazozihesabu wanavyuoni wetu wa Kishafii, basi chukua ruhusa yako. Maji ya ziwa na ya bahari yote yanatoharisha.

3. Usikae meza yenye pombe, wala usichague mahali ambapo pombe ndiyo biashara kuu. Bado zipo sehemu tulivu. Chukueni mkeka, pilau na chupa ya chai.

4. Kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na huwa vingi zaidi jua likiwa kali. Epukeni penye matete na maji yaliyotuama. Watoto wapewe dawa ya kichocho pale wataalamu wa afya wanapoitoa. Na wewe unayejisaidia kando ya maji, Mtume ametuonya juu ya kuchafua sehemu za maji, njia na vivuli wanapopumzika watu. Ugonjwa huu unaendelea kwa sababu ya uchafu wetu kufika ziwani. Mtu mmoja anajistarehesha kichakani, ini la mtoto wa mwenzake linaharibika.

5. Waulizeni wavuvi kama pana mamba au kiboko. Wenyeji wanajua.

6. Mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuangalia watoto. Simu aiweke mfukoni.

7. Mkiwa Zanzibar, kumbukeni mko kwa Waislamu wenzenu. Tunamlaumu mgeni wa Kizungu kwa kupita kijijini nusu uchi, na mtoto wetu kutoka bara anafanya hivyo hivyo akiwa na jina la Fatuma. Mgeni hajui, wewe unajua.

Ombi langu kwa kamati za misikiti na walimu wa madrasa kuanzia Kirumba hadi Igoma: kabla ya kufunga likizo, tengeni siku ya wavulana na siku ya mabinti, tafuteni anayejua kuogelea vizuri, pangeni kamba na maboya, wafundisheni. Mtoto anayehifadhi Juzuu Amma ni hazina yetu. Tumlindie na pumzi ya kuisomea.

Ewe Allah, warehemu waliozama katika ziwa hili na bahari yetu, wape subira wafiwa, walinde watoto wetu nchi kavu na majini, na utujaalie tukushukuru kwa neema tunayoiona kila siku tukaizoea. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mzazi mwenzio.