Wimbo wa Kuazima Una Mwenyewe

Kila timu ya Liverpool inapocheza nyumbani, mashabiki wake huuimba wimbo "You'll Never Walk Alone" kana kwamba ulizaliwa katika vichochoro vya mji huo wa bandari. Wapenzi wa timu hiyo walio papa hapa Kenya nao huupokea mbele ya runinga kwa sauti kuu. Ukweli ni kwamba wimbo huo ulitungwa Marekani na Richard Rodgers na Oscar Hammerstein kwa ajili ya "Carousel", mchezo wa jukwaani wenye nyimbo ulioonyeshwa New York mwaka 1945. Mchezo wenyewe nao ulitokana na tamthilia ya Ferenc Molnár, mwandishi wa Hungaria, iliyoigizwa Budapest mwaka 1909. Watu wa Liverpool waliutia mkononi pale vijana wao, Gerry and the Pacemakers, walipourekodi na kuufikisha kileleni mwa chati za Uingereza mwishoni mwa mwaka 1963.

Je, wimbo huu ni wa nani? Swali hili si la kupitisha wakati. Limo ndani ya mabishano tunayoyasikia kila uchao kuhusu vijana wetu na muziki wanaoupenda. Upande mmja wamo wanaowalaani vijana kwa kuiga sauti na lafudhi za ugenini. Upande wa pili wamo wanaoamini kwamba kila kilicho bora huanzia Ulaya na Marekani, na kwamba sisi hatuna letu ila kupokea. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimepotoka, na hakuna ushahidi wa jambo hili ulio wazi kuliko nyimbo zilizoongoza chati za Uingereza kati ya mwaka 1963 na 1966, miaka ambayo dunia nzima iliaminishwa kwamba muziki mpya umezaliwa huko.

Kwanza tufahamu chati yenyewe ni nini. Gazeti la muziki la New Musical Express lilianza kuchapisha orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi mwaka 1952, kwa kuwauliza wenye maduka ya santuri. Kufikia miaka ya sitini magazeti kadhaa yalikuwa na orodha zake, na hayakuafikiana daima. Wimbo wa Beatles, "Please Please Me", wa mwaka 1963, ulikuwa wa kwanza katika orodha ya New Musical Express na ya Melody Maker, ilhali katika ile ya Record Retailer, ambayo baadaye ndiyo iliyochukuliwa kuwa rasmi, ulikuwa wa pili. Basi chati ilikuwa hesabu ya santuri zilizouzwa madukani, na hata hesabu hiyo ilikuwa na utata. Kamwe haikuwa orodha ya waliovumbua.

Tukizipitia nyimbo hizo moja moja, tunakuta kwamba nyingi zilikuwa za kuazima. Mnamo Agosti 1963 The Searchers wa Liverpool waliongoza kwa "Sweets for My Sweet", wimbo uliokuwa umeimbwa na The Drifters, Wamarekani weusi, mwaka 1961. Oktoba mwaka huo huo Brian Poole and the Tremeloes waliongoza kwa "Do You Love Me", ambao The Contours wa Detroit walikuwa wameutoa mwaka 1962. Mwaka 1964 Manfred Mann waliongoza kwa "Do Wah Diddy Diddy", uliotanguliwa na rekodi ya The Exciters wa New York. Mwishoni mwa mwaka huo Rolling Stones walifika kileleni kwa "Little Red Rooster", wimbo wa Willie Dixon, mzaliwa wa Mississippi, uliokuwa umerekodiwa na Howlin' Wolf mwaka 1961. Januari 1965 ikawa zamu ya Moody Blues na "Go Now", uliotangulia kuimbwa na Bessie Banks. Ni haki kuongeza kwamba Wamarekani weusi wenyewe walifika kileleni humo mara kadhaa, mathalani The Supremes mwaka 1964 na Four Tops mwaka 1966. Hata hivyo, msikilizaji wa Uingereza aghalabu alikutana na nakala kabla ya kukutana na asili.

Hapa ndipo isimu inapokuwa na neno la kusema. Waingereza hao hawakuazima mapigo na maneno tu. Waliazima hata lafudhi. Mwanaisimu Peter Trudgill, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1983, alionyesha jinsi waimbaji wa Uingereza walivyoacha matamshi yao ya nyumbani kila waliposhika kipaza sauti. Sauti "r" inayofuata irabu, ambayo Waingereza wengi huimeza na ambayo Wamarekani wengi huitamka, ilisikika mara nyingi katika nyimbo za mwanzo za Beatles. Ajabu ni kwamba wengine waliitia hata mahali ambapo Mmarekani mwenyewe haitamki. Ni kosa la mtu anayejitahidi kupita kiasi, sawa na yule anayejifunza Kiswahili na kutia "h" pasipohitajika kwa kudhani ndiyo ufasaha. Jambo lililo muhimu zaidi katika hesabu za Trudgill ni kwamba "r" hiyo ya kuazima iliendelea kupungua mwaka baada ya mwaka, hata kufikia mwaka 1967 ilikuwa karibu kutoweka katika nyimbo za Beatles.

Nini kilitokea? Vijana hao walipata imani na ndimi zao. Mnamo Julai 1966 The Kinks waliongoza chati kwa "Sunny Afternoon", wimbo unaomkejeli tajiri aliyebanwa na kodi, ulioimbwa kwa sauti ya London isiyojificha. Mwezi uliofuata Beatles waliongoza kwa santuri iliyobeba "Eleanor Rigby", kisa cha wapweke wawili, mwanamke na kasisi, na ndani yake hamna la kuigiza Marekani. Yaani katika muda wa miaka mitatu tu wanafunzi waliokuwa wakiiga walianza kusimulia habari za mitaa yao wenyewe. Hawakufika huko kwa kukemewa waache kuiga. Walifika kwa kuiga hadi wakakomaa.

Wapo watakaonikumbusha kwamba cha kuazima hakistiri maungo. Methali hiyo ina hekima yake, lakini lugha yetu yenyewe inaionyesha mpaka wake. Mtoto wa Kenya anapoweka kitabu juu ya meza akiwa shuleni, "kitabu" kimetoka katika Kiarabu, "meza" katika Kireno na "shule" katika Kijerumani. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba mtoto huyo hazungumzi Kiswahili. Maneno hayo yamepokewa, yakavikwa sauti na sarufi yetu, yakawa yetu. Nyimbo nazo husafiri vivyo hivyo.

Lakini mfano huu wa maneno una kikomo, na ni kikomo hicho ninachotaka tukitazame kwa makini. Neno halina hatimiliki. Hatumdai Mreno wala Mreno hatudai senti moja kwa ajili ya meza. Wimbo una mtunzi mwenye jina, mwenye njaa na mwenye watoto. Kwa hiyo swali la haki kuhusu wimbo wa kuazima halihusu kama umeazimwa. Linahusu kama mwenyewe ametajwa na kulipwa.

Katika jambo hili chati za Uingereza zinatufundisha mema na mabaya. Bobby Womack, aliyeutunga "It's All Over Now" pamoja na Shirley Womack, hakufurahi alipoarifiwa kwamba Rolling Stones wameuchukua wimbo wao. Uliwapa vijana hao nafasi ya kwanza kwa mara ya kwanza mnamo Julai 1964. Womack mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hasira yake iliyeyuka alipopokea hundi ya mrabaha. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye santuri, na sheria ikafanya kazi yake. Na mwaka 1965, walipoalikwa katika kipindi cha runinga cha "Shindig!" nchini Marekani, Rolling Stones walitaka Howlin' Wolf naye aalikwe, wakakaa chini yake wakimsikiliza. Huko ndiko kuazima kwa adabu.

Linganisha na "House of the Rising Sun", ulioongoza mwezi huo huo wa Julai 1964. Ulikuwa wimbo wa kimapokeo wa Marekani, umeimbwa na wengi kabla ya The Animals wa Newcastle. Kwa kuwa haukuwa na mtunzi ajulikanaye, aliyeandikwa kuwa mpangaji wake ndiye aliyestahiki mrabaha, na kwenye santuri liliandikwa jina moja tu la mwanabendi, Alan Price. Wenzake wanne waliopiga na kuimba pamoja naye hawakupata fungu katika mrabaha huo, na uchungu wa jambo hilo haukuisha upesi. Tazama jinsi jina moja lililochapishwa kwenye karatasi ndogo ya mviringo linavyoweza kuamua nani atakula na nani atatazama.

Tena kuna hasara isiyofikiwa na sheria. Mwaka 1964 Cilla Black wa Liverpool aliongoza kwa "Anyone Who Had a Heart", wimbo ambao Dionne Warwick alikuwa ameuimba kwanza Marekani. Watunzi, Burt Bacharach na Hal David, walipata haki yao. Warwick, ambaye mtindo wake ndio ulioufanya wimbo uwe vile ulivyo, hakuwa na la kudai, na hakuficha kinyongo chake kwa miaka mingi. Hapo sheria ilikoma. Iliyobaki ni heshima ya kutaja tu.

Msomaji asidhani kwamba hadithi hii ni ya Uingereza na Marekani peke yake. "Keep On Running", ulioiondoa Beatles kileleni Januari 1966, na "Somebody Help Me", ulioongoza Aprili mwaka huo, zote ziliimbwa na Spencer Davis Group wa Birmingham, na zote zilitungwa na Jackie Edwards, mwana wa Jamaika aliyehamia Uingereza. Ni wangapi waliozicheza nyimbo hizo wakijua jina lake?

Nasi tumo. The Tremeloes wale wale walioongoza mwaka 1963 kwa wimbo wa Detroit walibaki bila Brian Poole, wakaongoza tena mwaka 1967, na mwaka 1968 wakaingia katika ishirini bora za Uingereza kwa wimbo uitwao "Helule Helule". Mtunzi wake ni Daudi Kabaka wa Kenya, bingwa wa twisti aliyerekodi Nairobi na kuaga dunia mwaka 2001. Twisti yenyewe Kabaka aliiazima kutoka Marekani, ambako Chubby Checker aliiongozea chati mwaka 1960 kwa wimbo alioutoa kwa Hank Ballard. Kabaka aliichukua, akaivika gitaa la nyumbani na Kiswahili chetu, hata ikapendeza kiasi cha Waingereza kuja kuiazima kwetu. Basi yule tunayemwita mwigaji leo huenda kesho akawa mwenye mali.

Kwa hivyo, wanaowakemea vijana wa Eastlands kwa kupenda "drill", muziki ulioanzia Chicago na kupitia London, wapunguze ukali. Vijana hao tayari wanaufoka kwa Sheng, na habari wanazosimulia ni za mitaa yao. Wamefika upesi kuliko Waingereza wa mwaka 1963. Nao wanaodhani kwamba hatuna letu wamkumbuke Kabaka.

Linalotupasa kulikazania ni lile dogo tunalolidharau: jina. Mtangazaji wa redio anapocheza kibao, na amtaje mtunzi pamoja na mwimbaji. Hilo halimgharimu hata sekunde tano. Msanii anayechukua mdundo au kiitikio cha mzee wa zamani, na aandike jina la mzee huyo kabla ya kuupakia wimbo kwenye mtandao, na amtafute yeye au warithi wake wapatane malipo. Walimu wa muziki na wa fasihi simulizi wawafundishe wanafunzi kuuliza, kila wanapousikia wimbo, ulitoka wapi na nani aliutunga. Bila jina hakuna mrabaha, maana hakuna ofisi duniani inayoweza kumlipa mtu asiyejulikana.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Azimeni nyimbo kadiri mpendavyo, kwani ndivyo muziki na lugha zinavyokua. Ila mtunzi mtajeni, na chake mpeni akiwa hai.